Mawimbi Yalipozibwa: Kutoka London 1903 hadi Bloemfontein 2016

Tarehe 4 Juni 1903, ukumbi wa mihadhara wa Royal Institution jijini London ulijaa watu waliokuja kushuhudia ujumbe ukisafiri bila waya. Mhadhiri wa siku hiyo alikuwa Profesa John Ambrose Fleming. Mwenye mitambo, Guglielmo Marconi, alikuwa mbali, kwenye kituo chake cha Poldhu katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mpango ulikuwa Fleming azungumze, kisha chombo kilichofungwa ukumbini kipokee salamu za Marconi mbele ya hadhira.

Salamu hazijafika bado, taa ya projekta ikaanza kutoa mlio wa kugongagonga. Wengi ukumbini hawakuutilia maanani. Msaidizi wa Fleming, kijana Arthur Blok, alikuwa anazijua alama za Morse, na masikio yake yakamwambia kwamba ile haikuwa hitilafu ya taa. Kulikuwa na mtu nje ya ukumbi anayetuma maneno. Neno la kwanza lilikuwa “panya”, likirudiwa na kurudiwa. Baada ya hapo zikafuata beti za kumkejeli Mwitaliano mmoja anayelaghai umma.

Aliyefanya hivyo alikuwa Nevil Maskelyne, mwanamazingaombwe wa jukwaani ambaye pia alikuwa fundi hodari wa telegrafu isiyo na waya. Fleming alipoliandikia gazeti la The Times kwa hasira, akiomba wasomaji wamsaidie kumpata mhuni huyo wa sayansi, Maskelyne alijitokeza mwenyewe gazetini akakiri. Alisema nia yake ilikuwa kuufichua udhaifu ambao Marconi hakutaka umma uujue, kwani Marconi alikuwa akidai kwamba mawasiliano yake hayawezi kuingiliwa.

Nyuma ya Maskelyne palikuwa na fedha. Kampuni ya Eastern Telegraph, iliyomiliki nyaya nyingi zilizolazwa chini ya bahari, ilikuwa imempa kazi ya kumchunguza Marconi, maana telegrafu isiyo na waya ilitishia biashara yake. Kampuni hiyo ilikuwa na mkono hadi kwetu: tawi lake, Eastern and South African Telegraph, ndilo lililoleta waya kutoka Aden hadi Unguja mwaka 1879. Waya una mwenyewe, na anayetaka kuukata hana budi aufuate ulipo. Mawimbi yanapita hewani kwa wote, na mtu mmoja mwenye mtambo anaweza kuyavuruga akiwa amejificha nyuma ya ukuta. Swali lililoachwa na Maskelyne ukumbini mle, kwamba nani ana haki ya kuwanyamazisha wengine hewani, ndilo ambalo mabunge na mahakama zimekuwa zikilijibu tangu siku hiyo.

Vita, ajali na sheria za mwanzo

Wanajeshi ndio waliokuwa wa kwanza kuona faida ya kuvuruga mawimbi. Tarehe 15 Aprili 1904, katika vita vya Urusi na Japani, meli za Japani ziliipiga mizinga bandari ya Port Arthur kutoka mahali ambapo wapigaji hawakuweza kuona makombora yanapoangukia. Walitegemea meli nyingine iliyokaa karibu zaidi iwaelekeze kwa redio. Waendesha redio wa Kirusi, katika meli ya kivita Pobeda na katika kituo cha nchi kavu, wakaachia cheche za umeme mfululizo juu ya mawasiliano hayo. Maelekezo hayakusikika na makombora yakakosa shabaha. Hadi leo jeshi la Urusi huiadhimisha tarehe hiyo kama siku ya wanajeshi wake wa vita vya kielektroniki.

Baharini kwenyewe hali ilikuwa ya fujo. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1906 na kutia saini mkataba wa kwanza wa kimataifa wa telegrafu isiyo na waya. Miaka sita baadaye, Aprili 1912, meli ya Titanic ikazama. Siku zile habari za kweli, za uongo na za kubahatisha zilipishana hewani, huku vituo vya watu binafsi vikiingiliana na vya meli na vya pwani. Kabla mwaka haujaisha, Marekani ilitunga sheria iliyomtaka kila mwenye kituo awe na leseni, na iliyofanya kuingilia mawasiliano ya wengine kwa makusudi kuwa kosa. Sheria kubwa zaidi ya mawasiliano ilifuata mwaka 1934, na ndiyo inayosimamiwa hadi leo na tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC.

Serikali ziliwakataza raia, lakini zenyewe hazikuacha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, Umoja wa Kisovieti ulijenga vituo vingi vilivyokuwa na kazi moja tu: kutoa kelele juu ya matangazo ya BBC, Sauti ya Amerika na redio nyingine za Magharibi. Watu walibandika masikio kwenye redio usiku wa manane wakitafuta sauti katikati ya mngurumo. Kelele hizo ziliendelea, zikipungua na kuongezeka kufuatana na siasa, hadi zilipokoma katika miaka ya 1987 na 1988, wakati wa Gorbachev. Kwa karibu miaka 40 dola kubwa ilitumia umeme na wataalamu wake ili watu wake wasisikie.

Simu inaingia mfukoni

Simu ya kwanza ya mfumo wa GSM ilipigwa Finland tarehe 1 Julai 1991. Kabla muongo huo haujaisha, simu zilikuwa zinalia misikitini, makanisani, kwenye sinema na mazishini. Hapo ndipo mtambo wa kuziba mawimbi, uliokuwa wa jeshi, ukashuka hadi kwa mwenye ukumbi.

Ufanyaji kazi wake si wa ajabu. Simu na mnara huongea kwa masafa yanayojulikana, kwa mfano ya MHz 900, 1800 na 2100. Mtambo wa kuziba mawimbi hutoa kelele kwenye masafa hayo hayo. Mawimbi ya mnara yakifika kwenye simu huwa yamechoka kwa sababu yametoka mbali, lakini kelele ya mtambo uliopo mita chache huwa na nguvu. Ni kama mtu anayekupigia ngoma sikioni wakati ndugu yako anakuita kutoka ng'ambo ya mto. Simu haiharibiki, inaonyesha tu kwamba hakuna mtandao, na mwenye nayo hudhani mnara umepata hitilafu.

Kelele hiyo haichagui. Haijui simu ya umbea na simu ya mama anayeita gari la wagonjwa. Haijui mpaka wa ukuta pia: mtambo uliofungwa ukumbini unaweza kufika barabarani na nyumba ya jirani. Sheria karibu zote za dunia kuhusu vifaa hivi zimejengwa juu ya ukweli huo mmoja.

Nchi chache zilijaribu kufungua mlango kidogo. Japani ilitoa leseni kwa baadhi ya kumbi za muziki na maonyesho. Mwaka 2004 ilijulikana kwamba makanisa kadhaa ya Monterrey, Mexico, yalikuwa yamefunga vifaa vilivyotengenezwa Israel ili misa isikatizwe na simu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2001 ya kuruhusu uzibaji katika kumbi za maonyesho, na mwaka 2004 serikali ikaukubali kwa sharti kwamba simu za dharura ziendelee kupita. Sharti hilo lilikuwa la haki, lakini lilikuwa gumu kutimizwa na mtambo ambao kazi yake ni kupiga kelele. Mwaka 2011 Ufaransa ilibadilisha sheria, ikayaacha mambo hayo kwa ulinzi, usalama wa umma na magereza.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo mitambo hii imeokoa maisha. Desemba 2003, msafara wa Rais Pervez Musharraf wa Pakistan ulipita juu ya daraja mjini Rawalpindi, na bomu lililotegwa hapo likalipuka muda mfupi baada ya magari kupita. Maofisa wa usalama walieleza kwamba vifaa vya kuziba mawimbi ndani ya msafara ndivyo vilivyochelewesha mlipuko. Anayesema kwamba mitambo hii haina kazi halali hasemi kweli. Suala ni nani aishike, wapi, na kwa ruhusa ya nani.

Dereva wa Florida

Mwishoni mwa Aprili 2013 kampuni ya simu ya MetroPCS iliwaarifu FCC kwamba minara yake kando ya barabara kuu karibu na Tampa, Florida, ilikuwa inasumbuliwa kila asubuhi na kila jioni, saa ambazo watu wanakwenda kazini na kurudi. Wataalamu wa FCC walikaa barabarani na vyombo vya kupimia, wakafuatilia kelele hadi wakaipata: ilitoka kwenye gari moja la kawaida aina ya Toyota.

Askari wa kaunti walipolisimamisha gari hilo mwezi Mei na kulisogelea, redio zao za mkononi zilipoteza mawasiliano na kituo chao. Polisi waliokuwa kazini, barabarani, mbele ya mtu wasiyemjua, hawakuweza kuita msaada. Ndani ya gari, nyuma ya kitambaa cha kiti cha abiria, walikuta mtambo. Dereva alikiri kuutumia kwa zaidi ya mwaka. Alisema alichoshwa na watu wanaoongea na simu huku wanaendesha.

Sababu yake inaeleweka, kwani nani hajakasirishwa na dereva wa namna hiyo? Lakini katika safari zake zote hakujua ni nani aliyekuwa pembeni ya barabara ile akihitaji msaada. FCC ilimtoza faini ya dola 48,000.

Mwaka uliotangulia, kwenye uwanja wa ndege wa Newark, New Jersey, wahandisi walikuwa wakihangaika na mfumo mpya wa kuongoza ndege kutua kwa kutumia GPS. Mara kwa mara mfumo ulikuwa unavurugika. Agosti 2012 alinaswa dereva wa gari la kampuni aliyekuwa na kifaa kidogo cha kuziba GPS, cha kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha gari. Alichotaka ni mwajiri wake asijue gari liko wapi. Mtu aliyemkimbia bosi wake alifika, bila kujua, hadi kwenye chombo cha kuongozea ndege kutua. FCC ilipendekeza atozwe faini ya dola 31,875.

Kampuni kubwa nazo zilionja. Mwaka 2014 Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 kwa sababu hoteli yake moja mjini Nashville ilikuwa ikikata mitandao ya Wi-Fi ambayo wageni wa mikutano walijitengenezea kwa simu zao, huku hoteli yenyewe ikiuza intaneti kwa bei ya juu. Mwaka huo huo FCC ilipendekeza faini ya dola milioni 34.9 dhidi ya C.T.S. Technology, kampuni ya China iliyokuwa ikiwauzia Wamarekani mitambo hiyo kwa mtandao.

Magereza

Hoja nzito kuliko zote ya kutaka mitambo hii imetoka magerezani. Machi 2010, ofisa mmoja wa gereza la Lee, jimbo la South Carolina, ambaye kazi yake ilikuwa kunasa vitu vya magendo, alivamiwa alfajiri nyumbani kwake na kupigwa risasi sita. Amri ya kumuua ilipangwa kwa simu iliyoingizwa gerezani kwa siri. Alinusurika. Aprili 2018 wafungwa saba waliuawa na wenzao katika gereza hilo hilo, na wakuu wa magereza walisema ugomvi wa magenge juu ya simu za magendo ulichangia.

Hata baada ya damu hiyo, jimbo lilikuwa limefungwa mikono. Sheria ya Marekani iliruhusu serikali kuu pekee kutumia mitambo ya kuziba. Gavana wa jimbo hakuwa na mamlaka hayo. Mwaka 2019 majaribio ya mtambo mdogo, wenye nguvu ya kufunika jengo moja tu, yalifanyika katika gereza la Broad River, chini ya usimamizi wa maofisa wa serikali kuu. Uingereza ilikwenda njia nyingine: mwaka 2012 Bunge lake lilitunga sheria mahususi ya magereza, inayosema nani anaweza kuidhinisha uzibaji na kwa masharti gani, ikiwa ni pamoja na kuhakikisha kelele haivurugi kupita kiasi mawasiliano ya nje ya uzio. Nchi hizi mbili zilitofautiana kwa mengi, lakini zote zilikubali kwamba hata mkuu wa gereza, mwenye sababu nzuri kuliko dereva wa Florida, hawezi kujiamulia.

Usiku wa Cape Town

Afrika Kusini nayo ilikuwa na kanuni kama hiyo. Tangu mwaka 2002, mamlaka yake ya mawasiliano, ICASA, ilikuwa imetamka kwamba mitambo ya kuziba simu hairuhusiwi, isipokuwa kwa vyombo vya dola vya ulinzi na usalama.

Jioni ya tarehe 12 Februari 2015, Rais Jacob Zuma alipaswa kulihutubia Bunge mjini Cape Town kuhusu hali ya taifa. Hewa ilikuwa nzito. Mwaka uliotangulia Mlinzi wa Umma, Thuli Madonsela, alikuwa ametoa ripoti kuhusu fedha za umma, randi milioni 246, zilizotumika katika makazi binafsi ya Rais huko Nkandla. Wabunge wa chama cha EFF cha Julius Malema walikuwa wameapa kumuuliza Rais papo hapo lini atarudisha fedha.

Waandishi wa habari waliketi kwenye roshani, simu na kompyuta tayari. Wakagundua kwamba hakuna kinachotoka. Kwanza kila mmoja alidhani ni simu yake. Walipoulizana, wakakuta hakuna hata mmoja mwenye mtandao. Wakasimama, wakainua simu juu, wakaanza kuimba kwa sauti moja wakitaka mawimbi yarudishwe. Wabunge wa upinzani waliokuwa chini wakaitikia. Mbunge John Steenhuisen wa chama cha upinzani cha DA akasimama na kuomba mwongozo, akisema kwamba mawasiliano yamezibwa ndani ya Bunge la wananchi. Spika Baleka Mbete aliahidi suala hilo litafuatiliwa. Waliokuwa roshani walimwona Naibu Rais, Cyril Ramaphosa, akimpelekea kikaratasi Waziri wa Usalama wa Taifa, David Mahlobo. Muda mfupi baadaye, simu zikashika mtandao.

Kilichofuata kinakumbukwa na kila aliyekuwa ukumbini. EFF waliuliza swali lao, wakaamriwa kutoka, wakagoma, na askari waliovaa mashati meupe wakaingia wakawatoa kwa nguvu. Lakini aliyetazama kwenye televisheni hakuiona vurugu. Kamera za Bunge, kwa kufuata kanuni zake za utangazaji, zilibaki kwenye nyuso za waliokalia kiti. DA nao wakatoka nje. Laiti mawimbi yangebaki yamezibwa, nchi isingepata picha hata moja ya dakika zile kwa wakati wake.

Serikali ilieleza kwamba mtambo ulikuwa wa kumlinda Rais na viongozi, na kwamba mtumishi wa idara ya usalama alikosea kwa kutouzima inavyotakiwa. Tuchukue maelezo hayo kuwa ni kweli tupu. Hata hivyo yanaonyesha jambo la kutisha: mtu mmoja, asiyechaguliwa na yeyote, alikuwa na uwezo wa kulinyamazisha Bunge zima, na Spika mwenyewe hakuwa amempa ruhusa.

Hukumu

Kampuni ya utangazaji ya Primedia, jukwaa la wahariri SANEF, kampuni ya Media24 na wanaharakati wa Right2Know walikwenda mahakamani. Mei 2015 Mahakama Kuu ya Western Cape iliamua dhidi yao, kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Hawakukata tamaa. Walipanda hadi Mahakama Kuu ya Rufaa, Bloemfontein, na tarehe 29 Septemba 2016 hukumu ikatolewa kwa upande wao.

Mahakama iliangalia sheria ya mwaka 2004 ya mamlaka na kinga za Bunge, inayosema kwamba vyombo vya usalama vinaweza kuingia na kufanya kazi katika eneo la Bunge kwa ruhusa ya Spika na mwenyekiti wa baraza la mikoa. Ruhusa hiyo haikuwapo. Kwa hiyo matumizi ya mtambo yalikuwa kinyume cha sheria na kinyume cha Katiba, ambayo inaagiza Bunge lifanye kazi zake wazi. Kanuni za kuficha vurugu kwenye televisheni nazo zilianguka siku hiyo hiyo. Mahakama haikusema kwamba Rais asilindwe. Ilisema kwamba anayemlinda lazima apite mlangoni na aombe ruhusa.

Huo ndio msimamo ninaouunga mkono kwa moyo wote, na naona unatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine wengi. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa benki, kadi ya hospitali na nauli. Mama mjamzito kijijini humwita bodaboda kwa simu. Anayeziba mawimbi hapa hakatizi mazungumzo tu. Anafunga duka, anasimamisha malipo ya dawa, anazima namba ya dharura, 112. Kenya na Tanzania zote ni wanachama wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao katiba yake inakataza kuingilia kwa madhara huduma za redio za wengine, na katika nchi zote mbili kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kiidhinishwe na mamlaka kabla ya kutumika.

Kwa hiyo, mwalimu anayechoshwa na simu darasani azikusanye mlangoni. Imamu na mchungaji waendelee kuwakumbusha waumini kuzima. Mwenye kiwanda aandike kanuni na kuisimamia. Hakuna kati yao anayehitaji mtambo wa kuwanyamazisha majirani. Na idara ya dola inayouhitaji kweli, kwa gereza au kwa msafara, iwe na kibali kilichoandikwa, chenye mahali, muda na jina la aliyetia saini, ili siku mambo yakiharibika wananchi wajue wa kumuuliza. Wabunge wetu wasingoje usiku wao wa Cape Town ndipo wadai hilo.